Seli za kinga ndani ya ubongo: zizimwe zote?

Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo yaliyowaacha wengi midomo wazi. Lenercept ilikuwa dawa ya kuzima TNF, kemikali ambayo seli za kinga huitoa na kuchochea uvimbe. Kwa wagonjwa wa baridi yabisi, kuizima TNF kulileta nafuu. Kwa wagonjwa wa maltipo sklerosisi, ugonjwa ambamo kinga ya mwili huushambulia ubongo na uti wa mgongo, mambo yalikwenda kombo: waliopewa dawa walipata mashambulio (vipindi vya dalili kuzuka) mengi kuliko waliopewa dawa bandia.

Hata hivyo, wanaozinyooshea kidole seli za kinga wana hoja nzito. Seli T, aina ya seli za kinga za kwenye damu, zikishavuka kizuizi kati ya damu na ubongo, huchochea uvimbe unaobambua mailini, ala ya mafuta inayofunika neva, na ujumbe hukwama njiani. Dawa ya natalizumab huzizuia zisivuke, na mashambulio hupungua sana. Kisha likaja jaribio la rituximab, 2008. Dawa hii hufyeka seli B, aina nyingine ya seli za kinga, zenye alama ya CD20 juu yao, na madoa mapya ya uvimbe kwenye picha za MRI yalipungua ndani ya miezi michache. Kinachonivutia mimi ni hiki: seli zinazomwaga kingamwili (protini za kinga) kwa wingi hazina alama hiyo, kwa hiyo dawa huziacha. Basi huenda kosa kubwa la seli B ni kuzichochea seli T, wala si kingamwili, kama ilivyodhaniwa.

Upande wa pili haupuuziki. Makrofaji, seli za kinga zinazomeza takataka, na mikroglia, wenzao wakazi wa ubongo, hufagia mabaki ya mailini, na yasipofagiwa, seli changa za kutengeneza mailini mpya hudumaa. Katika panya, TNF yenyewe imeonekana kusaidia ukarabati huo. Tena ulinzi ukiondolewa ubongoni, virusi vya JC, vinavyoweza kuuharibu ubongo, hupata upenyo; ndiyo sababu natalizumab iliondolewa sokoni 2005, ikarudi 2006 kwa masharti makali.

Naegemea upande wa kwanza, wa kuzizima seli hizi, ila kwa miaka ya mwanzo tu. Ugonjwa ukikomaa, madhara mengi hutokea nyuma ya kizuizi kilichokwisha kufunga, ambako mikroglia hufukuta kingoni mwa makovu ya zamani. Hapo kuzuia seli za damu husaidia kidogo. Ocrelizumab, dawa nyingine inayofyeka seli B, iliyoidhinishwa Marekani 2017, huupunguzia kasi ugonjwa wa aina inayozidi polepole tangu mwanzo, lakini haiusimamishi. Na mikroglia hatuwezi kuifyeka yote, maana mfagiaji ni huyohuyo.