Sisi mashabiki wa Ingwe (AFC Leopards) tuko tayari, ligi irudi tu

Mwandishi umesema kwa makala yako mashabiki wa Nairobi hawalali vile ligi kuu ya soka ya Kenya inarudi wikendi hii, mimi ni mmoja wao kabisa. Babangu alikuwa ananibeba mabegani City Stadium pale Jogoo Road, isukuti zinalia mpaka kifua kinatetemeka, na hadi leo nikisikia hiyo ngoma siku ya mechi ya kwanza siwezi kukaa nyumba. Jezi nimeifua mwenyewe jana usiku, sikutaka mtu aiguse.

Najua mashemeji wetu, wapinzani wetu wa K'Ogalo (Gor Mahia), watakuja na ile hesabu yao ya makombe ya ligi, sawa wamepita 20, sisi mara ya mwisho kuichukua ni 1998. Lakini nina binamu yangu yuko Chicago, huko kwao ni besiboli, ananiambia siku ya kufungua msimu watu wanajaa Wrigley Field, uwanja wa timu ya Cubs, hata kama kuna baridi ya kuua, na hao Cubs walikaa kutoka 1908 hadi 2016 bila taji, miaka 108 na watu bado wanaenda! Sasa mimi nichoke na miaka yetu tangu 1998 kwa nini?

Na vile Agosti 2025 tuliona uwanja wa Kasarani umejaa kwa CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, Ryan Ogam wa Harambee Stars akiifunga Morocco na tukamaliza mechi tukiwa wachezaji 10, hiyo fujo tamu tuilete kwa ligi pia, si Harambee Stars peke yake.

Walio Umoja na Donholm nani anatoka mapema tupande matatu moja? Mwenye isukuti akuje nayo tafadhali.