Desemba Wewe Moshi, Bwawa Limebaki Mbezi

Hakuna kiumbe kinachojua tarehe ya safari ya mwenye nyumba kama bwawa la kuogelea. Miezi kumi na moja limetulia, maji yanang'aa mpaka unahesabu vigae vya chini. Siku mkipakia mabegi kwenda kula Krismasi Moshi, gari halijafika Chalinze, lenyewe limeshaanza kuota ukijani.

Heri basi ungefuga ng'ombe wa maziwa. Ukisafiri, jirani anakukatia majani na jioni anajilipa kwa kukamua. Bwawa jirani alikamue nini?

Tuchukue bwawa la kawaida la Mbezi Beach: urefu mita 8, upana mita 4, kina cha wastani mita moja na nusu. Hizo ni lita 48,000. Desemba ya Dar maji hayo yanafika nyuzi 29 au 30 bila hata ukuni mmoja, yaani ni supu inayosubiri viungo tu. Na jua nalo linakula klorini kama mgeni wa harusi asiyechangia. Klorini isiyo na stabilaiza, ile asidi ya sianuriki, sehemu kubwa inaweza kuondoka ndani ya saa mbili za jua la mchana. Kwa hiyo pima: stabilaiza iwe miligramu 30 hadi 50 kwa lita. Usiseme nyingi ndiyo bora, maana ikizidi sana klorini inakuwepo kwenye kipimo lakini kazi haifanyi, kama baadhi ya watumishi tunaowajua.

Halafu pH, kile kipimo cha ukali wa maji. Iweke kati ya 7.2 na 7.4 kabla ya kuondoka. Ikipanda kupita 7.8, zaidi ya nusu ya klorini yako imelala.

Jioni ya kuamkia safari, jua likishazama, piga brashi kuta na ngazi, kisha mwaga klorini ya chenga. Ile ya asilimia 65 inahitaji gramu 740, tuseme robo tatu ya kilo, kuongeza miligramu 10 kwa lita kwenye bwawa hili. Weka maji kwenye ndoo kwanza, chenga zifuate. Fundi anayeanza na chenga halafu akazimwagia maji huwa hana nyusi. Pampu iachwe ikizunguka usiku kucha.

Baada ya hapo ni vidonge vya klorini kwenye kiboya, kile chombo chenye matundu kinachoelea. Kidonge kimoja cha gramu 200 kinakupa karibu miligramu 4 kwa lita hapa, na joto na jua vinatafuna 1 mpaka 2 kwa siku. Fanya vitatu kwa wiki. Safari ya wiki mbili ni sita, lakini usivijaze sita kwa mara moja. Vitatu vya wiki ya pili mlinzi aviongeze siku ya saba. Mwambie, mwandikie, mwimbie ukiweza: kwenye kiboya haziingii chenga hata punje moja. Klorini ya chenga na ile ya vidonge zikikutana kwenye chombo kimoja zinaweza kuwaka moto au kulipuka. Ndoo ya chenga ifungie stoo na uondoke na ufunguo. Vidonge usivitupe kwenye kikapu cha skima pia, ule mdomo wa ukutani ambao pampu inavutia maji ya juu, kwa sababu pampu ikizima yanabaki hapo maji makali kama siki, na ikiwaka yanakwenda moja kwa moja kutafuna vyuma vya ndani.

Sasa tuje kwenye umeme, hapa ndipo likizo inapofia. Pampu ya nguvu ya farasi moja inakula kama yuniti moja kwa saa. Saa 8 kwa siku ni yuniti 8. Siku 14 ni yuniti 112, na bado friji, taa za nje na redio ya mlinzi. Unanunua LUKU kwa simu ukiwa Moshi na mtori mkononi, sawa, maendeleo hayo. Lakini zile tarakimu 20 nani anaziingiza kwenye mita? Mlinzi hana miwani. Mpwa wako wa chuo simu yake haipokelewi kabla ya saa sita mchana. Jaza yuniti zote kabla ya kutoka.

Na ile saa ya gurudumu inayowasha pampu usiiamini hata kidogo. Umeme ukikatika nayo inasimama. Ukikosekana jumla ya saa 10 kwa wiki, pampu uliyoipangia saa 2 asubuhi inaamka saa 12 jioni, wakati jua limeshakula na kwenda zake. Nunua yenye betri ndani. Bei yake utalalamika mara moja tu.

Maji nayo yanapanda hewani. Milimita 5 kwa siku ni kidogo, sivyo? Kwa bwawa hili ni lita 160, yaani ndoo nane za lita 20 kila siku ya Mungu, bila aliyeoga. Wiki mbili ni sentimita 7. Maji yakishuka chini ya mdomo wa skima, pampu inavuta upepo, inazunguka kavu, sili inaungua. Jaza mpaka karibu na juu ya mdomo wa skima, kisha bandika utepe mwekundu kwenye kigae: maji yakishuka mpaka hapa, fungua bomba. Vuli ikiamua kumwaga, yatafurika na klorini itapungua, ila hilo ni dogo kuliko ukavu.

Majani ya mkungu yatolewe kwenye kikapu cha skima kila asubuhi. Kikapu kikiziba ni kilekile, pampu inakosa maji.

Lakini adui mkubwa ni mpini wa valvu ya chujio la mchanga. Una maneno sita ya Kizungu kuuzunguka, na mlinzi ana siku kumi na nne za kukaa akiutazama. Akiuzungusha pampu ikiwaka, gasketi ya ndani inachanika, maji yanavuja kimyakimya kupitia bomba la taka, na wewe huko unalaumu jua. Akiupeleka kwenye bakiwoshi, yaani kuosha mchanga kwa kugeuza maji yaende nje, akasahau, bwawa linahamia barabarani. Fanya bakiwoshi mwenyewe kabla ya safari, dakika mbili hadi tatu mpaka maji kwenye kioo cha valvu yawe meupe, suuza nusu dakika, rudisha kwenye kuchuja, halafu funga mpini kwa waya. Bakiwoshi nyingine ni pale geji ya mgandamizo inapopanda paundi 8 hadi 10 juu ya pale ilipoanzia, na wiki mbili bila waogaji haifiki huko.

Bila waogaji, nimesema. Mpwa akileta darasa zima kuogelea, ile harufu kali wanayodhani ni klorini nyingi ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na kile kingine wasichokisema. Macho yakiwasha, dawa imepungua, haijazidi.

Siku ya kumi mlinzi anapiga simu.

"Shikamoo bosi. Bwawa zima kabisa, ila limebadilika rangi kidogo."

Marahaba. Muulize kama anaona sakafu upande wa kina kifupi. Akiiona, ukirudi na ufunguo wa stoo, chenga mara mbili ya zile za kwanza zinatosha kuanzia. Na kabla hujakata simu, mwambie asilimwage, maana karibu na bahari maji ya chini ya ardhi yako juu, na bwawa tupu linaweza kusukumwa likapasuka au likainuka kama ngalawa.

"Ndiyo bosi. Ila nimeshaagiza maboza matano."