Farasi Mia Mbili na Hamsini, Mkwe Mmoja

Siku kumi na moja nilikuwa nalipitia lile gari pale Mafiati, hapa Mbeya, kama mtu anayepita nyumbani kwa mchumba. Kwenda dukani napita, kutoka dukani napita, na siku ambayo sina shida ya duka naibuni. Mazda RX-8, jekundu, gia za mkono, limelala chini kama paka anayevizia panya. Mwenye nalo alikuwa anahamia Dodoma na alitaka liondoke upesi. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, lakini ukipenda, chongo unaita kengeza.

Mke wangu alikuwa na gari lake kichwani tayari: Noah. Inabeba watu saba, mlango unasukuma tu, inapita makorongo ya mtaani kwetu bila kukwangua tumbo, na spea zake zimejaa Mwanjelwa kama mitumba. Hoja za mtu mzima hizo. Mimi nikaja na za kwangu. Nikamwambia injini ya RX-8 ilitwaa tuzo ya kimataifa ya Injini Bora ya Mwaka 2003. Nikamwambia mwaka 1991 Mazda walishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, kwa gari lenye injini ya ukoo huohuo, wakawa Wajapani wa kwanza kushinda pale.

Akaendelea kukata chainizi. "Sisi tunakwenda Ufaransa lini?"

Kuhusu starehe, nilijidanganya mwenyewe. Nilikaa kwenye kiti dakika tano, gari limezimwa, limesimama, nikatangaza kwamba kiti kinakumbatia. Kweli kinakumbatia. Tatizo ni kwamba hakiachii.

Fundi wangu alilikagua, akafuta mikono, akasema, "Bosi, hii gari ni nzuri ila ina masharti kama dawa ya kienyeji." Injini yake haina pistoni. Ndani kuna vipande viwili vya pembetatu vinavyozunguka, kama sambusa mbili kwenye kikaango, na imeundwa iwe inakunywa oili kidogo kidogo ili kujilainisha, kwa hiyo oili lazima uipime mara kwa mara. Sharti kubwa akalirudia mara mbili: ukiiwasha asubuhi, usiizime mpaka ipate moto, hata kama umeisogeza hatua tano tu. Ikiwa ya baridi inamiminiwa petroli nyingi. Ukiizima hapo, plagi zinalowa na hutaiwasha tena. Nikaitikia "sawa, sawa" huku nachezea gia.

Muuzaji naye hakugusia kitu kimoja, na sikumuuliza. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwenye karatasi gari lile lilikuwa na nguvu za farasi 250. Kwa hesabu yangu, kama arobaini walikuwa wamebaki Dar es Salaam wanakunywa madafu.

Nikalinunua hata hivyo. Jambo nililoringia zaidi mtaani ni milango ya nyuma. Inafunguka kinyume, kama kabati, na haifunguki mpaka wa mbele ufunguliwe kwanza. Majirani walikuja kuona. Nilifungua na kufunga mpaka mikono ikauma.

Sasa, sisi ni Wanyakyusa. Kwa mila zetu za zamani mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Mkamwana akisikia kikohozi cha mzee, anakunja kona. Mjini wengi wamelegeza, lakini baba yangu hajalegeza kitu tangu azaliwe, na mke wangu, mtu wa Rungwe vilevile, anaona fahari kuishika. Wiki ile mzee alikuwa kwetu kwa ajili ya macho. Alishatolewa mtoto wa jicho na sasa alikuwa anaona mpaka tundu la sindano. Jumamosi tulitakiwa Tukuyu wote, kesho yake mpwa wangu anapata kipaimara.

Ilikuwa mwezi wa saba, ile baridi ya kuongea moshi unatoka. Saa moja asubuhi nikalitoa gari uani mpaka barabarani, hatua tano. Mzee alikuwa bado anakunywa chai. Nikaona nisichome mafuta bure, nikalizima.

Mke wangu aliingia kwanza, kajifunika kitenge, akachagua kiti kilicho nyuma kabisa ya mzee. Akili nzuri, maana mtu hana macho kisogoni. Nyuma yangu nikamweka kijana wetu wa miaka sita, kuku wawili kwenye tenga, na furushi la sukari na sabuni ambalo buti lilikataa. Nikafunga mlango wa kabati. Mzee akaja, akashuka kwenye kiti cha mbele kama anayeshuka kisimani, magoti yakamfika kidevuni. Jua ndiyo kwanza linachomoza, linampiga usoni. Akateremsha kile kibao cha kuzuia jua.

Kibao kina kioo.

Sikuona kilichotokea ndani ya kioo kile. Nilisikia tu kitenge kikipaa na mzee akisema "Aa!" kama aliyekanyaga moto. Nikapiga stata haraka tuondoke. Nye-nye-nye-nye. Nikapiga tena. Nye. Nye. Betri nayo ikaaga.

"Mwanangu," mke wangu akasema kutoka ndani ya kitenge, "mwambie babu, mama anaomba kushuka."

"Babu, mama anaomba kushuka."

Babu alikuwa sentimita arobaini kutoka pale. Akasubiri ujumbe umfikie. "Mwambie mama yako, hata babu angependa kushuka."

"Mama, hata babu..."

"Nimesikia. Mwambie baba yako afungue."

Nilifungua, lakini kufungua si kutoka. Kiti kile unaingia kwa kudondoka, unatoka kwa maombi. Nikamvuta mzee mkono, akaja mkono peke yake. Bila mzee kutoka, kabati halifunguki vya kutosha mtu kupita bila kumgusa, na kumgusa ndiko hakufikiriki. Upande wangu nao, kati ya viti viwili vya nyuma kuna kiukuta, na mke wangu hakuwa tayari kukiruka na kitenge chake mbele ya vijana wa bodaboda, ambao walishafika, maana shida ya mtu mwenye gari jekundu hainyimwi watazamaji.

Nikampigia fundi.

"Umeizima ikiwa baridi?"

Nikakaa kimya.

"Masharti, bosi! Haya, kanyaga mafuta mpaka chini, shikilia hapohapo, ndiyo upige stata." Nilidhani ananitania. Kumbe ukikanyaga mpaka mwisho inakata petroli yenyewe, hewa inapita, plagi zinakauka. Ila betri ya kupigia stata sina. Aliyekuja na betri na waya ni jirani. Alikuja nayo ikiwa ndani ya gari lake. Noah.

Ikanguruma, ikapiga mshindo, ikatoa moshi mweupe uliomeza mtaa mzima, na kuku wakasema yote niliyokuwa nataka kusema mimi. Moshi ulipopungua, bodaboda wawili walishamng'oa mzee, na mke wangu alishapotea.

"Mimi nashuka Kyela kufuata mchele," jirani akasema kwa upole. "Gari tupu."

Mlango wake ukateleza, shwaa. Mzee mbele, mke wangu kiti cha mwisho kabisa, kati yao viti vitupu na heshima tele.

Nikabaki na kijana na kuku. Matuta ya Uyole na Igawilo niliyavuka kimshazari, na bado tumbo liliyasalimia moja moja. Kupanda Isyonje nikakwama nyuma ya malori. Injini ile hulia vizuri kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika. Sikuvuka elfu tatu. Mbele, Noah ililipita lori moja, ikalipita la pili, ikakunja kona.

"Baba," kijana akasema, "mwambie Noah atusubiri."

Tulipofika Tukuyu mzee alishaoga na kubadili shati. Akalizunguka gari langu polepole, mikono mgongoni, na macho yake mapya.

"Hili linakaa watu wangapi?"

"Wanne, baba."

Akachungulia kiti cha nyuma, akachungulia cha mbele.

"Wanne wa kabila gani?"