Mashine ya msasa: nani aamue, fundi au vihisio?

Katika kiwanda cha plaiwudi, kama vile vya Mafinga na Mufindi, mkoani Iringa, vinavyotumia paina na milingoti (mikaratusi), ubao wa futi 4 kwa 8 hupita kwenye mashine ya msasa wakati gharama karibu zote zimeshalipwa. Gogo limemenywa, vinia (tabaka jembamba la mbao lililomenywa) imekaushwa, gundi imepakwa, mbao zimekandamizwa kwa joto. Inabaki kazi ya mkanda wa msasa unaokimbia kwa kasi ya mita 18 hivi kwa sekunde, na ukila zaidi kidogo unatoboa vinia ya juu, ubao ukashuka daraja.

Ndiyo maana mashine mpya huja na vihisio vya kupima unene, mzigo wa mota na hata mtetemo, pamoja na kompyuta inayojirekebishia shinikizo na kasi. Je, kiwanda kiziachie uamuzi, au uendelee kuwa wa fundi?

Wanaomtetea fundi wana hoja nzito. Fundi mzoefu huchora mistari ya penseli juu ya ubao kabla ya kuupitisha. Mistari ikibaki mahali fulani, anajua msasa haukufika pale. Kisha huuinamisha ubao kuelekea kwenye mwanga. Akiona mwinuko mwembamba unaopinda kama nyoka kwa urefu wa ubao, anajua kuna sehemu ya mkanda iliyoziba kwa utomvu, haikati tena, na umbo lile la kupinda linatokana na mkanda kucheza kushoto na kulia. Akiona mistari ya kukata ubao kwa upana, iliyoachana sawasawa, anachukua rula. Tuseme mkanda una urefu wa milimita 2,620, unakwenda mita 18 kwa sekunde, na ubao unasogea mita 20 kwa dakika. Mistari iliyoachana kwa milimita 48 hivi inamtuhumu mkanda wenyewe, hasa pale ulipoungwa. Ikiachana kwa milimita 14, na rola inayouzungusha mkanda ina kipenyo cha milimita 240, basi rola ndiyo yenye kasoro. Huo nao ni ufuatiliaji, tena wa uhakika, na umegharimu rula moja. Kihisio cha mtetemo kingetoa jibu lile lile, ila mtu wa kulitafsiri bado angehitajika.

Lakini kuna mambo ambayo jicho na mkono haviwezi. Msasa hauishi ghafla. Chembe zake hupoteza makali polepole, ubao baada ya ubao, na jicho huzoea. Wakati huo mota inatumia nguvu zaidi kufanya kazi ile ile, joto linapanda, utomvu unalainika na kuziba mkanda zaidi. Fundi atagundua pale mbao zitakapoanza kuungua, na kwa kuwa amevaa vizuia kelele, kama inavyompasa, hata sauti ya mkanda haimfikii vizuri. Mita ya umeme ingemwonyesha mapema. Wazo hili si geni: tangu miaka ya 1980 watafiti wa University of California, Berkeley, walikuwa wakipima mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio ili kujua makali ya vifaa vya kukatia mbao yameisha kiasi gani.

Shida inaanza pale kipimo kinapopewa mamlaka ya kuamua. Mlingoti mgumu huipa mota mzigo zaidi kuliko paina, hata msasa ukiwa mpya. Ubao ambao haujakauka vizuri huziba mkanda haraka. Na pale umeme unapoyumba, volti zikishuka mota hula ampea zaidi ingawa msasa hauna kosa lolote. Anayesoma ampea peke yake atatupa mikanda mizima. Afadhali apime kilowati, yaani nguvu halisi inayotumika, na aweke kiwango tofauti kwa kila aina ya mti. Kompyuta iliyopangiwa huko ilikotengenezwa haiyajui haya mpaka iambiwe na mtu anayeyajua.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba vipimo viwepo, lakini uamuzi kuhusu ubora ubaki kwa fundi. Mashine imwambie kilowati zimepanda. Yeye aamue kama ni msasa, ni unyevu au ni aina ya mti. Nakubali mambo mawili tu ambayo mashine iyaamue bila kumsubiri mtu: mkanda ukihama njia, na cheche ikionekana kwenye bomba la vumbi. Hapo hakuna mkono unaowahi. Mkanda ukikwaruza chuma hutoa cheche, na vumbi la mbao lililotapakaa hewani kwa kiasi cha gramu 40 hadi 50 kwa mita moja ya ujazo linaweza kulipuka.

Vumbi ndilo linalonifanya nisikubaliane na wanaosema vihisio ni anasa. Tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua. Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2023, unaruhusu miligramu 2 tu za vumbi la mbao ngumu kwa mita ya ujazo ya hewa ya kazini. Hakuna fundi, awe na uzoefu wa miaka 30, anayeweza kupima miligramu 2 kwa pua yake. Vumbi la msasa ni laini kuliko la msumeno, na sehemu kubwa yake haionekani. Geji ya presha kwenye mifuko ya kuchujia, inayoonyesha imeziba na feni hainyonyi tena, ni kifaa rahisi kuliko karibu kila kitu kingine kwenye mashine ile. Kiwanda chenye fedha za kihisio kimoja tu kianze na hicho, kisha mita ya kilowati. Kompyuta ya kurekebisha shinikizo inaweza kusubiri.

Linabaki suala la nani asome takwimu hizo. Zikiishia ofisini na kutumika kumkata fundi mshahara kwa kila mkanda uliowahi kuisha, atajifunza kuendesha mashine taratibu na kuficha kasoro, na kiwanda kitakuwa kimelipia vipimo visivyosema kweli. Skrini iwekwe pale anaposimama yeye.