Pua Yangu Huku Ni Benki

Mama ninayechukua mzigo kwake hapa Guangzhou, China, alinikazia macho juzi, kisha akainong'oneza simu yake ya kutafsiri. Pua yangu imemkosha: ncha ina nyama, matundu hayachungulii, hivyo pesa itakaa. Jamani! Pua hii hii niliyotaniwa Temeke tangu darasa la kwanza.

Wenzetu wana elimu ya kusoma uso, mianxiang, ya karne nyingi. Paji ni bahati ya ujana, nyusi hadi ncha ya pua ni utu uzima, kidevu ni uzee. Pua ndiyo hazina. Ndewe nene, kama za sanamu za Buddha, ni neema. Sasa elimu hiyo imehamia kliniki. Paji limebonyea? Sindano ya kujaza. Kidoti chini ya jicho, ambacho kwetu mwanamke anakichora kwa wanja, huku eti ni cha machozi, kinachomwa kwa leza. Na wana msemo kwamba mwenye mifupa ya mashavu iliyotokeza anaua mume bila kisu. Binti anasagwa mfupa, ndoa ipone!

Upuuzi? Sehemu kubwa, ndiyo. Barua za kazi huku mara nyingi zinabandikwa picha, na bosi anayeamini mambo haya anaweza kukukata kwa ajili ya kidevu. Hilo linanichefua.

Lakini Mchina biashara ikidorora anailaumu pua yake mwenyewe. Analipa, anapewa risiti, na shangazi yake bado anakuja kula sikukuu. Sisi je? Duka likilala wiki mbili tu, shangazi keshakuwa mchawi. Usiku tunasafisha nyota, asubuhi tumevaa tai, mganga hatumjui.

Najua mtasema, "Kapata viza juzi, leo anatufundisha." Hapana, mimi wa kwenu, na ugali naupika humu humu chumbani. Mwingine atasema uso ni kazi ya Mungu, hauguswi. Sawa, ndugu yangu, na mkorogo ule kabatini ni wa nani?

Halafu msiniambie kusoma uso ni mambo ya Wachina. Shinyanga na Mwanza bibi zetu wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia wajukuu. Nani aliyasoma yale macho? Mchina?