Shahada ya mtandaoni: tungoje mfadhili au tulipe somo kwa somo?

Mpwa wangu anafundisha skuli ya msingi kaskazini mwa Pemba, na elimu yake ni ya diploma. Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, alinikalisha barazani kwao Konde akanionesha simu. Siku tatu alikuwa akijaza fomu ya kuomba msaada wa karo ili asome shahada kwa mtandao. Alijaza jina, tarehe ya kuzaliwa, habari za wazazi. Alipofika pahala panapotakiwa namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani, akakwama. "Mjomba, hii namba naipata kwa sheha?"

Fomu ile ni FAFSA, ya serikali ya Marekani. Ni ya kweli na kuijaza ni bure, lakini fedha zake, pamoja na ile ruzuku iitwayo Pell, ni za raia wa Marekani na wageni wachache wanaotajwa na sheria yao. Mwalimu wa Konde hata akiandikishwa chuo cha huko, fungu hilo halimgusi. Ushauri mwingi juu ya msaada wa karo unaotufikia kwenye simu umeandikiwa Mmarekani, na vijana wetu wanamaliza bando wakibisha mlango usio wao. Linaniuma hilo.

Mlango wetu sisi ni upi? Hapo watu wamegawanyika.

Wapo wanaosema usianze mpaka uwe na mkopo au mfadhili mkononi, na hoja yao ina uzito. Zanzibar ina bodi yake ya mikopo ya elimu ya juu, na ipo ya Muungano, HESLB, iliyoanza kazi 2005. Zamani deni la HESLB liliongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kutunza thamani, na familia nyingi hapa zikaogopa kuwa hiyo ni riba. Ada hiyo ilifutwa 2021. Ukishaajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka umalize, kwa hiyo kijana anasoma kwanza, analipa akiwa na cheti. Aliyemaliza kidato cha sita na hana kazi, mimi humwambia aombe mkopo bila kusita.

Lakini masharti ya HESLB yanamtaka mwombaji asiwe na ajira yenye mshahara. Na nani hasa anayesoma kwa mtandao huku kwetu? Ni mwalimu, muuguzi, karani wa bandarini, watu ambao hawawezi kuacha kazi wakahamia kwenye vyuo vya Tunguu, Unguja, au Dar es Salaam. Huyu ana mshahara mdogo usiotosha karo, na mshahara huohuo ndio unaomtoa kwenye foleni. Uingereza hufadhili wananchi wa nchi za Jumuiya ya Madola kusoma kwa masafa, lakini hiyo ni kwa shahada ya uzamili, na yeye ya kwanza bado hana.

Ndiyo maana upande wa pili wanasema lipa mwenyewe, somo kwa somo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, kina vituo Unguja na Pemba, na mtu anaweza kusoma bila kuacha kazi. Kipo pia University of the People cha Marekani, kinachojitangaza kuwa hakitozi karo. Ni kweli, ila kila somo lina ada ya tathmini inayozidi dola 100, na shahada ina masomo 40. Si chini ya dola 4,000 hizo. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, ni milioni 10.

Tuliifanya hesabu hiyo kwenye daftari lake la maandalio ya somo. Akichukua masomo matano kwa mwaka, atamaliza kwa miaka minane, na milioni 10 kwa muda huo ni kama shilingi 104,000 kwa mwezi. Mwenye mshahara wa laki saba anayekatwa asilimia 15 anatoa 105,000. Fedha ni zilezile. Tofauti ni kwamba wa mkopo anazitoa akiwa na cheti, na wa somo kwa somo anazitoa kabla hajakipata, huku bado ana watoto, maradhi na harusi za jamaa.

Na miaka minane ni mingi. Nina rafiki Wete aliyefika somo la 26, baba yake akapooza, akasimama. Hadaiwi na mtu, na cheti hana. Wanaosifu kusoma bila deni wamtazame na huyu.

Hata hivyo, kwa aliye kazini mimi naegemea kulipa somo kwa somo, kwa sharti moja: kabla ya kutoa hata shilingi, ahakikishe Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, inakitambua cheti cha chuo hicho. Mimi niliwahi kulipa karo ya mwaka mzima kwa chuo kimoja cha mtandaoni, tovuti yake ikipendeza kweli, na cheti chake hakikunifaa kwenye ombi lolote la kazi. Fedha ile ilitokana na karafuu za mama yangu.

Ningependa bodi zetu ziwe na fungu dogo la walio kazini, mkopo wa muhula mmoja, ukilipwa ndipo upewe mwengine. Watasema fedha ni chache na asiye na kazi atangulie. Atangulie, sina neno. Lakini mkopo wa laki chache unaokatwa kwenye mshahara unarudi ndani ya mwaka, na unaweza kumkopesha mwengine.

Kwa sasa mpwa wangu amejiunga na upatu wa walimu 20, kila mmoja shilingi 30,000 kwa mwezi. Zamu yake inaangukia Mfunguo Nne, atashika laki sita. Kabla ya siku hiyo tutakwenda pamoja kituo cha Chuo Huria cha Pemba tukaulize ada ya somo moja, na daftari tutalichukua.