Taa za zambarau za miche: hapa Nakuru za nini?

Mitandaoni siku hizi zinatangazwa taa za rangi ya zambarau za kuoteshea miche ndani ya nyumba, na huku kwetu Kiamunyi watu wameshaanza kuulizia bei. Unasia mbegu kwenye trei, unawasha taa saa 16 kwa siku, miche ikipata nguvu unaipeleka shambani. Mimi naona pesa hiyo heri ununue mbegu iliyothibitishwa na wavu wa kivuli, na chenji iende kwa samadi.

Video nyingi za mambo haya ni za wakulima wa bangi wa ng'ambo. Kanada ilihalalisha bangi mwaka 2018, na mikoa mingi ya huko inaruhusu kaya kuotesha miche minne. Mtu wa huko ana sababu zake. Theluji ikiyeyuka kumeshachelewa, kiangazi chenyewe kifupi, kwa hiyo taa inamsogezea msimu mbele kwa wiki kadhaa. Tena bangi nyingi hufuata urefu wa usiku: usiku ukirefuka, mmea unaanza kutoa maua, na taa ndiyo inayouzuia usiharakishe. Kwetu bangi ni marufuku, na sheria ya mwaka 1994 haina mchezo. Anayeziiga video hizo hapa, basi, mara nyingi ni mtu wa nyanya na pilipili hoho, anayemeza dawa ya ugonjwa ambao hana.

Nakuru iko kusini kidogo tu mwa ikweta. Mchana wetu ni wa saa 12 hivi, Januari hadi Desemba, na nyanya wala haijali. Kitunguu ndicho kinachojali, na ndiyo maana tunapanda Red Creole, inayofunga kichwa kwa mchana wa kwetu. Mbegu ya Ulaya kaskazini inayongoja mchana mrefu itakupa majani matupu.

Halafu tazama nguvu ya mwanga wenyewe. Jua la saa sita mchana lisilo na mawingu hufika kama laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga). Sebule yenye balbu usiku hupata mia chache tu. Taa ya bei rahisi ikining'inizwa juu mno, mche unaikimbilia. Utauona umerefuka, shina jembamba lililopauka, vijani viwili juu, na ukiumwagilia unalala chali.

Balaa kubwa lakini ni siku ya kuutoa nje. Mche uliolelewa chumbani haujaguswa na upepo, na ngozi ya majani yake ni laini. Sisi tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, jua letu si la kuchezea. Utoe saa tano asubuhi, na haitachukua muda majani yatakuwa na mabaka meupe, makavu, ukiyafikicha yanavunjika. Na hapo upepo wa alasiri na vumbi lake haujapita.

Hata mche wa nasari ya kawaida lazima uzoeshwe. Nyanya huhamishwa ikiwa na wiki nne hadi sita. Wiki moja au mbili kabla ya hapo punguza maji, bila kuuacha unyauke, kisha uondolee kivuli polepole: kwanza jua la asubuhi peke yake, halafu hadi adhuhuri, mwishowe kutwa nzima. Usiurushie mbolea ya kukuza majani wakati huo, utaulainisha upya. Ukivuta mche kwenye trei, udongo utoke nao mzima, umeshikwa na mizizi meupe. Hamisha jioni. Kazi hii haiuzwi dukani, labda ndiyo maana haitangazwi.

Watu wa Molo na Kuresoi watasema kwao ni baridi, mbegu inakawia kuota. Kweli, lakini mbegu ya nyanya iliyo udongoni inataka joto, na taa hizi za LED hazitoi joto la kutosha. Funika kitalu kwa nailoni inayopitisha mwanga, uifunue jua likipanda.

Anayeishi ghorofani, chumba hakina dirisha la jua wala baraza, huyo simkatazi. Taa itamfaa kwa trei moja ya dhania au sukuma. Ila kabla ya kulipa, apige hesabu ya tokeni za stima kwa saa 16 kila siku, kisha aulizie bei ya miche iliyokwisha kuota kwa wauza miche wa Bahati.